Kufungua na kufunga injini na watoto nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nianze kwa kusema mi sio fundi. Nauza vifaa vya umeme Dar, na mpaka mwaka juzi nilichojua kuhusu injini ni kuweka mafuta na kumpigia fundi simu. Baba mkwe ana bustani ya nyanya Morogoro, pampu yake ya kumwagilia ikafa, akanunua nyingine, ile mbovu akanipa niiuze kwa watu wa vyuma chakavu. Binti yangu (sasa ana miaka 11) akaniuliza ndani kuna nini. Nikakosa jibu. Bas ndo ilivyoanza, kila Jumamosi asubuhi mimi, yeye na mdogo wake wa kiume wa miaka 8 tunakaa uani na spana. Tangu hapo majirani, ndugu na wazazi wenzangu shuleni wananiuliza maswali yaleyale, nimeyaweka hapa yote nipumzike.

Tuanze na injini gani?

Injini ndogo ya petroli, silinda moja, inayopozwa na upepo, ya mpigo nne (maana yake iko chini). Kwa lugha ya mtaani ile ya pampu ya maji. Honda GX160 yenyewe au zile nakala zake za Kichina zilizoandikwa 168F, karibu kila kitu kinafanana na vipuri vingi vinaingiliana. Inakuwa na uzito wa kilo 15 hivi kwahiyo mtu mmoja anaibeba na inakaa juu ya meza bila kuvunja miguu ya meza.

Ya pampu nzuri kuliko ya jenereta, hii nasisitiza. Ya jenereta imeungana na dinamo kwenye shafti iliyochongwa kama koni na imebanwa hasa, kuitoa tu hapo unaweza kumaliza Jumamosi mbili na watoto wameshachoka hata kabla ya kuona pistoni (kile kinachopanda na kushuka ndani ya silinda). Ya pampu unatoa bolti chache za mbele, pampu inabaki huku na injini huku.

Pikipiki je? Subirini. Injini ya bodaboda ina gia na klachi humohumo ndani ya bloku, vitu ni vingi mno kwa mara ya kwanza. Ila mkishazoea, zile za Kichina za mtindo wa CG ni shule nzuri sana, maana Honda walipoitoa CG125 miaka ya 70 waliitengeneza makusudi kwa watu ambao hawabadilishi oili kwa wakati, kwahiyo ni ya vijiti vya kusukuma valvu (milango ya hewa na moshi) badala ya cheni, ngumu na rahisi kuelewa. Nyingine ambayo sishauri ni ile ya msumeno wa kukatia miti, ya mpigo mbili. Ni rahisi kweli kuifungua lakini haina valvu wala kamshafti (shafti inayofungua valvu), utamu wote unaukosa.

Naipata wapi?

Mbovu ndo unayoitaka, usinunue nzima. Nenda kwa wanunua vyuma chakavu uwaambie unataka injini ya pampu iliyokufa, watakupimia kwa kilo. Kwa Dar vipuri ni Gerezani na Kariakoo, Nairobi wenzetu wanaenda Kirinyaga Road, Kampala ni Kisekka. Kabla ya kulipa vuta kamba. Ikizunguka hata kwa shida, chukua. Ikiwa imekwama kabisa chukua ukiwa na moyo, inaweza kuwa kutu tu ya silinda, inaweza kuwa imenoki na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti kuu inayozunguka) imekatika ikatoboa bloku. Angalia bloku kwa nje kama kuna tundu. Tundu likiwepo hiyo haitawaka tena ila kwa kufundishia ni dhahabu, watoto wanachungulia ndani bila kufungua.

Mtoto wa miaka mingapi anaweza?

Swali ninaloulizwa kuliko yote na jibu langu ni kwamba umri sio tatizo, tatizo ni wewe mzazi una subira kiasi gani. Wa miaka 5 anaosha bolti kwenye beseni la maji ya sabuni na anafurahi kuliko wote. Wa 7 au 8 analegeza nati ukishaianzisha, anapanga, anahesabu. Wa 10 kwenda juu anafanya karibu kila kitu, kasoro petroli na kuwasha.

Kitu kimoja kinachonishinda mpaka leo ni kuweka mikono mfukoni. Sitanii, mi nikikaa uani nafanya hivyo kweli, mikono naitia mfukoni, maana nikiona mtoto anahangaika na nati dakika tano vidole vinaniwasha, nampokonya spana, "lete nikuoneshe", na nikishampokonya ndo imetoka hiyo, anakaa anaangalia simu. Bolti ya kwanza ya silinda hedi (kile kipande cha juu kinachoifunika silinda) mdogo aliitoa kwa dakika kama ishirini. Mimi ningeitoa kwa sekunde kumi. Lakini hiyo bolti mpaka leo akija mgeni anaoneshwa.

Vifaa gani vinahitajika?

Vichache kuliko unavyofikiri. Spana namba 10 na 12 zinafungua sehemu kubwa sana ya injini hii, ongeza soketi ya 19 kwa nati ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) na spana ya plagi ya 21. Bisibisi bapa na ya nyota. Plaizi. Nyundo ya mpira. Pula ya kuchomolea flaiwili, hii uazime kwa fundi, usije ukapiga flaiwili na nyundo ya chuma, ina sumaku na mapezi ya feni, vyote vinapasuka. Fila geji kwa ajili ya kupima uwazi wa valvu, hizi ni bei rahisi. Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ni ghali, mi naazima kwa jamaa wa gereji mtaani na namrudishia na soda.

Miwani ya kukinga macho ni LAZIMA kila mtoto na yake. Na trei za mayai.

Trei za mayai za nini?

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Trei moja ina vishimo 30, sita kwa tano, unaandika namba kwa maka peni kila kishimo, kila bolti inayotoka inaingia kwenye kishimo kinachofuata kwa mpangilio iliyotoka. Kwenye daftari mtoto anaandika, kwa mfano: namba 1 mpaka 4 za kifuniko cha valvu, namba 5 mpaka 8 za hedi na kuendelea. Siku ya kufunga mnaanza kutoka nyuma, namba ya mwisho kwenda ya kwanza.

Bolti za hedi na za kifuniko cha pembeni zote unazifungua na spana 12, unene ni uleule ila urefu tofauti. Ukichanganya, ndefu ikaenda pa fupi, inafika mwisho wa tundu kabla haijabana, mtoto anazidi kukaza, nyuzi za bloku zinakwenda na maji. Bloku ni aluminiamu, haina huruma. Picha za simu pigeni pia lakini daftari lina nguvu zaidi kwa sababu mtoto akichora anaangalia, akipiga picha haangalii.

Mama watoto alilalamika kuhusu hizi trei maana tulikuwa tunazihifadhi juu ya kabati jikoni. Ana haki. Tafuteni sehemu nyingine.

Tunafungua kwa mpangilio gani?

Mwaga petroli na oili kwanza (mtu mzima). Kisha tangi, kifuniko cha kamba ya kuvuta, ekzosi, chujio la hewa, kabureta (inayochanganya petroli na hewa), flaiwili na koili (inayotoa umeme wa plagi). Halafu kifuniko cha valvu, roka (vikono vinavyobonyeza valvu), vijiti viwili vya kusukumia, hivi viwekeeni alama kipi cha kuingiza hewa kipi cha moshi, kila kimoja kimeshazoeana na mwenzake. Halafu hedi. Halafu kifuniko cha pembeni, hapo ndo unaona krenki na kamshafti.

Ukichomoa kamshafti kuna vitu viwili kama uyoga vinaitwa tapeti, vitakudondokea ndani. Ilaze injini vizuri kabla. Kile kigia cha plastiki cha humo ndani ni gavana (kinachodhibiti kasi), mara ya kwanza kiacheni kilivyo, hakina kosa. Mwisho kabisa fungua kofia ya konrodi, sukuma pistoni itokee juu. Hapo simamisheni kazi, kila mtu aishike. Siku pistoni inatoka sisi hatukufanya kitu kingine chochote, ilizunguka mpaka kwa majirani.

Roka na springi za valvu: kwenye injini hizi kisahani cha springi kina tundu lenye umbo la tundu la ufunguo, unakandamiza kwa dole gumba, unasogeza pembeni, kinatoka. Hakuna haja ya kifaa maalum. Ila springi inaruka, na inaruka kuelekea usoni, ndo maana nikasema miwani.

Usalama mnafanyaje? Naogopa.

Uoga wako ni mzuri, baki nao. Yetu ni haya. Petroli haiguswi na mtoto, na hakuna kuosha vipuri kwa petroli hata kama fundi wako wa mtaani anafanya hivyo kila siku, mvuke wake ni mzito, unatambaa chini kimyakimya mpaka unakutana na jiko la mkaa la jirani. Sisi tunaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga na mswaki wa zamani, grisi iliyogoma naitoa mimi kwa dizeli kidogo nikiwa na glavu.

Oili chafu ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ukiishika miaka na miaka, kwahiyo glavu, na ikiingia mkononi sabuni palepale. Usimwage kwenye mtaro, tia kwenye dumu upeleke gereji, kuna watu wanaikusanya. Injini ya zamani sana, ile ya kabla ya 2006 ambapo nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi, masizi yake msiyakwangue yakiwa makavu, lowesheni kwanza. Na gasketi (zile za kuzibia maungio) za zamani hivohivo, nyingine zilikuwa na asbesto.

Kuwasha ni nje kabisa, sio barazani, sio gereji yenye mlango wazi. Moshi una hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, inaua. Na nywele ndefu zinafungwa, mitandio inavuliwa au inachomekwa ndani ya nguo, wakati injini inazunguka hakuna kitu kinachoning'inia.

Mimi mwenyewe sijui chochote, nitafundisha nini?

Usifundishe. Mi watoto wangu wanajua kwamba baba hajui, na nadhani ndo sababu wanaendelea kuja, kwa sababu wakigundua kitu wamegundua kweli, sio kwamba wamekumbuka jibu nililokuwa nalo mfukoni. Jifunze ile mipigo minne tu: injini inanyonya, inakandamiza, inawaka, inatoa moshi. Mjerumani anaitwa Nikolaus Otto aliipata injini ya hivi ikafanya kazi 1876, na mpaka leo mpangilio ni huohuo kwenye pampu ya babu na kwenye daladala. Toa plagi, zungusha flaiwili kwa mkono taratibu, mtoto aweke kidole (safi) kwenye tundu la plagi. Kuna mzunguko kidole kinanyonywa, kuna mzunguko kinasukumwa. Mdogo alicheka nusu saa.

Hivyo vidoti ni nini na kwanini kila mtu anavisema?

Ah. Hapa nina deni la kusimulia.

Gia ya krenki ina alama ndogo, kidoti. Gia ya kamshafti ina kidoti pia. Wakati wa kufunga vidoti viwili lazima vitazamane, meno kwa meno, ndo valvu zifunguke wakati pistoni iko pale inapotakiwa kuwa. Ukikosea jino moja tu injini inaweza kugoma, au kuwaka bila nguvu, au ikakurudishia kamba kwa hasira.

Sasa ile mara ya kwanza tunafunga ilikuwa saa kumi na mbili jioni inaelekea, giza linaingia, mbu, na mi nataka iwake siku ileile kwa sababu nilishamwambia baba mkwe kwenye simu kwamba leo atasikia ikilia. Binti akasema baba subiri nilete daftari. Nikamwambia tumeshaona, iko sawa. Nikaingiza kamshafti, nikarudishia kifuniko, nikakaza, tukafunga vyote vilivyobaki kwa taa ya simu. Nikavuta kamba. Ile kamba ilivutwa na injini kurudi ndani na vidole vyangu vikiwa bado kwenye mshikio, nikapiga kelele ambayo sitaiandika hapa. Nikavuta tena, ikarudi tena. Binti amekaa kwenye ndoo, hajasema kitu, afu taratibu akauliza, "Baba, vidoti tuliviangalia?"

Tukaja kufungua Jumamosi iliyofuata. Jino moja. Kwenye daftari lake alikuwa amevichora vidoti vyote viwili kwa kalamu nyekundu na pembeni ameandika HAPA VINATAZAMANA, na ukurasa huo mi sikuutazama hata mara moja. Yeye ndo aliyeingiza kamshafti mara ya pili, mikono yangu mfukoni.

Kwenye hizo gia kuna mchezo mzuri. Waambie watoto wahesabu meno ya gia zote mbili, weka chaki kwenye jino la kwanza wasipotee. Sitaji idadi, watapata wenyewe kwamba ya kamshafti ni mara mbili kamili ya nyingine, na ukiwauliza kwanini wataanza kubishana. Ni kwa sababu kila valvu inafunguka mara moja tu kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Na wakishajua hilo wape hili: jenereta ya kwetu yenye umeme wa hezi 50, injini kama hii inazunguka mara 3000 kwa dakika, ambayo ni mara 50 kwa sekunde moja, na kila mzunguko pistoni inasimama juu mara moja na chini mara moja. Mara 100 kwa sekunde inasimama na kugeuza. Mdogo hakuamini, akajaribu kugonga meza mara 100 kwa sekunde.

Eti inasaidia hesabu za shule?

Inasaidia, ila usiwaambie kama ni hesabu. Chukua rula, pima kipenyo cha silinda, kwenye GX160 ni milimita 68, na mwendo wa pistoni kutoka juu mpaka chini ni 45. Nusu kipenyo ni sentimita 3.4, zidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 11.56, zidisha kwa 22 gawanya kwa 7, halafu zidisha 4.5. Inakuja 163 na pointi. Afu mwambie asome kibandiko cha injini, cc 163. Binti aliniangalia kama vile nimefanya mazingaombwe, na alikuwa kashasema hajui kwanini wanafundishwa eneo la duara.

Ringi za pistoni zinatusumbua, zinavunjika.

Ringi ni zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zinavunjika kwa sababu mnazipanua sana. Ni chuma cha kukatika, sio cha kupinda, fungua kidogo tu iweze kupita juu ya pistoni. Yenye herufi au alama inaangalia juu. Mianya yake isipangwe mstari mmoja, itawanye kama mawe matatu ya jiko la mafiga, la sivyo mgandamizo unapenya. Kupima kama ringi imeisha, itie ndani ya silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni inyooke, pima mwanya kwa fila geji. Mpya inakuwa kama milimita 0.2 mpaka 0.4, ikifika 1 tupa.

Pistoni nayo ina kialama cha pembetatu juu, kinaelekea upande wa vijiti vya valvu. Paka oili kila kitu. Kwa kukandamiza ringi wakati wa kuingiza, kama huna kifaa, bati jembamba la kopo na klempu ya mpira wa maji inafanya kazi, kingo za bati zipigwe msasa kwanza.

Na ndio, mdogo alivunja ringi moja. Akanyamaza kabisa, akaenda kukaa chumbani. Nikamletea boksi la ringi mpya, zinauzwa seti, nikamwambia mwanangu hata mimi nimevunja mbili, jambo ambalo lilikuwa kweli ila sikuwa nimemwambia mtu.

Valvu tunazifanyaje?

Kusaga valvu ndo kazi wanayoipenda kuliko zote sijui kwanini. Unapaka ile dawa ya kusagia kidogo kwenye ukingo, unabandika kijiti chenye mpira wa kunyonya, unazungusha kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto. Mpaka upate duara la kijivu lisilokatika. Osha dawa YOTE, ikibaki inasaga injini nzima. Kupima: rudishia valvu, mimina mafuta ya taa kidogo kwenye njia ya hewa, geuza, subiri dakika tatu. Ikivuja endelea kusaga.

Ukishafunga uwazi wa valvu ni milimita 0.15 ya hewa na 0.20 ya moshi, injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo. Ya moshi ina uwazi mkubwa kwa sababu inapata joto zaidi na chuma kikipata joto kinarefuka. Bolti za hedi kazeni kwa msalaba, kidogo kidogo, mwisho toki 24 (Nm). Za konrodi 12 tu, hapo msitie nguvu za kiume.

Tumefunga, haiwaki.

Karibu. Kwanza oili: injini nyingi za hivi zina kifaa kinachokata moto wa plagi oili ikipungua, na hata ikiwa imejaa lakini injini umeiweka kwenye mwinamo. Inachukua lita 0.6 hivi, pima sehemu iliyo sawa. Watu wamefungua kabureta mara tatu kumbe oili. Kisha swichi ya kuzimia, msicheke. Kisha plagi, mwanya milimita 0.7 mpaka 0.8. Kisha koili, nafasi kati yake na flaiwili ni kama milimita 0.4, na kama huna geji kadi nene ya mwaliko wa harusi inakaribia. Kisha kabureta, kile kitundu kidogo cha jeti kimeziba, petroli ikikaa miezi inaacha gundi. Kisha kii ya flaiwili, kile kichuma kidogo, kama kimekatika hata nusu moto unakuja wakati mbaya.

Kama vyote viko sawa, vidoti.

Kipuri kimebaki kwenye trei baada ya kufunga.

Fungua. Najua wanavyosema mafundi, eti kampuni iliweka ziada. Tulibakiwa na washa moja (kile kiringi cha chini ya bolti), nikasema tuiwashe tu hivyohivyo, binti akagoma kwenda kula mpaka ijulikane ilipotoka. Ilikuwa ya bolti ya kumwagia oili. Ingevuja yote.

Mtoto wa kike anashika spana? / Si unawafanyisha kazi watoto?

Nayaweka pamoja kwa sababu yanaulizwa na watu walewale. La kwanza, binti ndo mwenye mkono mwepesi kwenye nyumba yangu, ringi hajavunja hata moja, anayesema vingine aje aweke ringi tuone. La pili, ni saa mbili Jumamosi, wakichoka tunaacha, hakuna mteja, hakuna hela. Na kuna Jumamosi wamekataa wakaenda kucheza mpira, nikabaki uani peke yangu na mikono mfukoni kama mjinga.

Atakuja kuwa fundi?

Sijui, mdogo ana miaka 8, saivi anataka kuwa dereva wa treni ya SGR. Akitaka VETA (chuo cha ufundi) ipo, akishafika huko.

Mkishamaliza injini mnaifanyia nini?

Mnaifungua tena. Ya kwetu tumeifungua mara tatu, mara ya kwanza ilichukua Jumamosi saba, mara ya mwisho siku moja na nusu ikiwemo kula. Baada ya hapo tuliipeleka Morogoro kwa majaribio ya wiki mbili, babu akaivuta mara moja ikawaka, akaipeleka mtoni. Wiki mbili zikaisha, binti akampigia kumwambia tunakuja kuichukua maana tunataka kuangalia ringi zimekaaje. Babu kagoma. Anasema ile mpya aliyoinunua inakula mafuta, hii inamwagilia nyanya, sisi tutafute nyingine.

Kwahiyo kama kuna mtu Dar ana pampu mbovu.